Nyoka wa Vitambaa

Jumamosi, 3 Mei

Leo Mama ameamuru tuhamie jikoni. Hakutaka ushauri wangu. Alisimama tu mlangoni kwangu na shuka zake begani, akasema, "Baridi imepiga hodi, mwanangu. Beba godoro."

Ndivyo tunavyofanya kila mwaka tangu mwanawe, yaani mume wangu, atutangulie. Vyumba vya kulala tunavifunga, sebule tunaifunga, tunabaki mimi, mama mkwe wangu, cherehani yangu na jiko la mkaa, jikoni ambamo ukinyoosha miguu unapindua sufuria. Hapa ghorofa ya tatu upepo hauombi ruhusa, unaingia na kukaa kama mwenye nyumba. Ukiwasha kipasha joto cha umeme, umeme unakwisha kabla hujapata joto, halafu huna wa kushonea wala wa kuchemshia maji.

Nimelaza nyoka wetu chini ya mlango. Nyoka ni mfuko mrefu wa kitambaa niliojaza vipande vya nguo, sawasawa na upana wa mlango, ukiulaza pale upepo unakosa pa kupita. Nilianza kwa kushona mmoja wa kwetu. Sasa jengo zima linanunua kwangu: wa mlangoni, wa dirishani, hata wembamba wa kusokomeza kwenye nyufa za ukuta. "Usipoziba ufa utajenga ukuta," huwaambia wateja wangu, nao hunilipa upesi kuliko wanavyolipia magauni.

Jumatatu, 5 Mei

Mama amekohoa asubuhi. Anasema ni vumbi.

Ijumaa, 9 Mei

Wifi amepiga simu. Yeye anakaa mji wa joto, safari ya kutwa nzima kwa basi, na salamu hazijaisha ameshauliza, "Mama anakohoa?" Nikasema hapana. Mama, ambaye tangu mchana alikuwa kimya, akachagua dakika hiyo kukohoa.

"Nimesikia," wifi akasema. "Kifua kile hakivuki baridi nyingine kwenye hilo jokofu lenu. Kikizidi nakuja kumchukua, wifi, na safari hii simwachi."

Lenu! Utadhani mimi ndiye niliyelijenga. Nilijibu, "Sawa, wifi," kwa sauti ya asali, kisha nikakata uzi kwa meno mpaka fizi ikaniuma.

Ukweli ni kwamba ninaogopa. Mume wangu hayupo na hatukujaliwa mtoto. Mkwe na mkwe, aliyewaunganisha akiondoka, wanabaki nani kwa nani? Wifi ni damu yake. Akisema anamchukua mama yake, mimi nitasimama mlangoni nikisema nini?

Jumapili, 11 Mei

Kikao cha jengo, kule chini kwenye ngazi, kila mtu kajifunika blanketi mpaka tukafanana na wagonjwa. Kuna mradi wa mji wa kuyavisha majengo ya zamani ambayo watu wake hawamudu kujipasha joto. Fundi mkuu ni mama wa makamo mwenye mafua yasiyopona, alikuja na kipande cha kitu kinachofanana na pamba nzito, akakipitisha mkono kwa mkono. Watoto walishampa jina kabla hajamaliza salamu: Fundi Pamba.

Alieleza vizuri. Kuta za nje zitabandikwa mabamba mazito kisha zipigwe lipu, darini watalaza ile pamba, madirisha yatakuwa ya vioo viwili viwili. Joto la pumzi zetu na vyungu vyetu litabaki ndani. Lakini ukuta ni mmoja, hauwezi kuvishwa nusu, kwa hiyo kila nyumba ikubali.

Wote tukakubali isipokuwa Mzee Redio wa ghorofa ya pili, dereva mstaafu, ambaye redio yake haijazimwa tangu nihamie hapa. "Mkinifunika ukuta, redio haitashika," akasema. Tukacheka. Yeye hakucheka.

Jumanne, 13 Mei

Mzee Redio bado kakataa. Nimemkasirikia mpaka supu ikaungua.

Ijumaa, 16 Mei

Juzi Mama aliteremka kwa Mzee Redio na kiti chake mwenyewe. Nilimfuata nikasimama ngazini, sikujificha, ila sikujionyesha pia.

"Shemeji," Mama akamwambia, maana humwita hivyo kwa utani, "sote tumo ndani ya shati moja. Wewe ukikataa kifungo, sisi wote tutembee vifua wazi?"

Redio ilikuwa inatangaza bei ya vitunguu.

"Nyumba ikipendeza wanakuja watu wa kupendeza," Mzee akasema mwishowe. "Nitahamia wapi mimi na umri huu?"

Kumbe ndilo lilikuwa jambo lenyewe. Mimi niliyemwona mkorofi nikaona haya. Mama hakumdanganya kwamba haiwezekani. Alimwambia, "Wakija kukutoa wewe, watanikuta nimekaa mlangoni kwako na kiti hiki. Nami ni mzito, wataniuliza." Mzee akacheka mpaka akakohoa. Kesho yake Fundi Pamba akamwahidi tundu maalumu ukutani la kupitisha waya wa redio, na mambo yakaisha. (Naandika "kesho yake" kwa sababu jana sikuandika, nilikuwa na sare za shule za kumaliza.)

Jumatatu, 2 Juni

Vyuma vya kupandia vimezunguka jengo lote. Wanaume wanapita dirishani kwetu ghorofa ya tatu kama wapita njia. Mama anawasalimu mmoja mmoja na kuwauliza habari za wake zao. Mchana aliwapitishia chai dirishani.

Ijumaa, 6 Juni

Vumbi. Nimefunika cherehani kwa shuka. Mama anakohoa na safari hii ni vumbi kweli.

Jumanne, 17 Juni

Leo wametoa madirisha ya upande wetu, mapya yamechelewa njiani. Kwa hiyo kutwa nzima dirisha la jikoni lilikuwa nailoni iliyogongwa misumari, ikipumua ndani na nje. Baridi ya leo sijawahi kuiona. Tulijilaza kwenye godoro tangu saa tisa alasiri, mablanketi yote juu yetu, koti la marehemu juu ya mablanketi.

Miguu ya Mama ni ya baridi mno. Kila mwaka huisukuma katikati ya miguu yangu bila kusema lolote, nami huruka na kulalamika, na yeye hujifanya kalala. Leo aliisukuma, nikaruka, akasema akiwa amefumba macho, "Vumilia. Mwanangu alikuwa akipiga kelele zaidi." Ikanijia kwamba mume wangu naye alilala hivi, mtoto, kwenye miguu hii hii. Nililia kidogo, akaniacha nilie, kisha akaniuliza kama nimefunika mkate.

Nampenda mama huyu. Nimeliandika hapa kwa sababu midomoni haliji.

Jumatano, 18 Juni

Madirisha yamefika. Ukiyafunga huisikii barabara.

Ijumaa, 27 Juni

Upande wetu umekwisha. Lipu ya nje ni rangi ya chai ya maziwa. Nilijua kazi imefaulu si kwa kipimo chochote, bali kwa sindano. Miaka yote mwezi huu vidole vyangu hufa ganzi, natunga uzi mara kumi ndipo upite. Leo asubuhi, jiko halijawashwa, nimelenga mara moja, ukapita. Nikabaki nimeishika ile sindano nikiitazama.

"Kuna nini?" Mama akauliza.

"Hakuna kitu, Mama. Hakuna baridi."

Akanyanyua uso kama mtu anayesikiliza mlango. "Eh," akasema. "Kweli imeondoka." Hakusema kwa furaha niliyoitarajia. Nikadhani ni uzee, wazee hawaamini jambo jema mpaka lizoeleke.

Jumapili, 29 Juni

Siku kubwa. Nimefungua vyumba. Nimefagia, nimepiga deki, nimetandika kitanda cha Mama kwa kitandiko kipya nilichokishona kwa siri, chenye vipande vya bluu na njano. Nilimshika mkono nikamwingiza chumbani kwake kama bibi harusi. "Baridi hii utalala kama malkia," nikamwambia. "Hakuna tena kubanana na mimi na cherehani yangu."

Akapapasa kitandiko. "Umefanya kazi kubwa, mwanangu. Asante." Akakaa pembeni ya kitanda mikono mapajani.

Jiko la mkaa nimemwambia tumpe mtu, hatulihitaji tena. Akasema liache, aliletewa na mwanawe.

Jumanne, 1 Julai

Nimelala vibaya. Labda ni springi za kitanda.

Alhamisi, 3 Julai

Mzee Redio kaja na malalamiko. "Mafundi wa siku hizi! Wanaziba nyumba nzima, halafu wanasahau tundu la panya." Kweli, kila chumba mafundi wametoboa kitundu cha mviringo juu karibu na dari, kina kifuniko cha matundu madogo, na ukiweka kiganja unasikia hewa. Alitaka nyoka wa kukiziba.

Nikapima, nikamshonea kizibo kizuri cha mviringo, nikakijaza vipande mpaka kikakaza, nikakiwekea kitanzi cha kukivutia. Kilikaa pale kama kimezaliwa pale. Mzee akafurahi, akaenda kukitangaza kuliko redio yake.

Jumatatu, 7 Julai

Wameagiza vizibo vya mviringo: wa ghorofa ya kwanza, wa ghorofa ya nne pande zote mbili, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Niliogopa kazi yangu imekwisha na baridi, kumbe Mungu hamtupi mja wake. Nimewashonea wote. Vya kwetu nimeshona kwa vitambaa vya bluu na njano vilivyobaki kwenye kitandiko, ili chumba cha Mama kioane.

Jumatano, 9 Julai

Madirisha yanatoa jasho. Asubuhi maji yanateremka kwenye vioo mpaka chini. Fundi Pamba amepita nyumba hadi nyumba akipapasa kuta, uso umemkunjamana. "Hapa kuna kitu," alisema. Hakuangalia juu, kwa nini aangalie juu, kazi yake mwenyewe anaijua.

Mama hali chakula vizuri. Nikimwita mezani anakula upesi na kurudi chumbani kufunga mlango. Nimejiuliza kama amechoka kuniona. Miaka yote hakuwa na pa kwenda, sasa anapo.

Jumamosi, 12 Julai

Yuko hai. Naanza na hilo, nikisoma ukurasa huu siku nyingine nisishtuke.

Alasiri niliteremka kumpima gauni jirani wa chini. Niliporudi nilikuta harufu ya chai kwenye korido, na chini ya harufu ya chai, mkaa. Nikaita, "Mama?" Kimya. Mlango wake ulikuwa umefungwa na nilipousukuma uligoma. Nyoka alikuwa amelazwa kwa ndani. Nikausukuma kwa bega.

Jiko la mkaa lilikuwa katikati ya chumba likiwaka jekundu, zuri, bila moshi hata kidogo. Birika juu yake. Kwenye kigoda kulikuwa na vikombe viwili. Mama alikuwa amelala upande juu ya kitandiko changu, mashavu mekundu kama ya msichana, mdomo wazi. Nilimtikisa, kichwa kikamlegea. Nami kichwa kikaanza kuzunguka, nikaelewa bila kuelewa. Nikafungua dirisha, nikapiga ukelele ambao sikujua ninao.

Mzee Redio alipanda ngazi kwa miguu ile inayomsumbua kila siku, sijui aliiazima wapi. Alimshika kwapani, mimi miguuni, miguu ile, na ilikuwa ya moto. Tukamtoa mpaka kwenye uwazi wa ngazi. "Pumua, shemeji," Mzee alikuwa akimwambia, "pumua, wewe si uliniahidi kukaa mlangoni kwangu?" Alipumua. Akatapika. Sijawahi kufurahia kutapika kwa mtu namna ile.

Hospitali wakamwekea hewa safi puani. Daktari akasema ni sumu ya mkaa, haina rangi wala harufu, na kwamba tungechelewa kidogo zaidi. Hakumaliza, na mimi sikumwomba amalize.

Niliporudi kuchukua nguo zake nilimkuta Fundi Pamba chumbani amesimama juu ya kiti. Alivuta kile kizibo kwenye kitundu, akakigeuza mkononi, akatazama mshono.

"Nani kashona hiki?"

"Mimi."

"Umeshona vingapi?"

"Jengo zima," nikasema.

Akashuka akakaa juu ya kiti hicho hicho. Hakunifokea, na afadhali angenifokea. "Dada yangu," akasema, "zamani mlikuwa mnapumua kwa nyufa. Ndiyo maana miaka yote mmewasha mkaa mkaamka. Nyufa nimeziziba mimi. Hivi vitundu ndiyo pua za nyumba. Ndiyo maana vioo vinatoa jasho. Nililisema hili kwenye kikao cha Juni, hata mkaa nilisema."

Kikao cha Juni sikuenda, nilikuwa na kazi. Alikwenda Mama, na nilipomuuliza kimesemwa nini alinijibu, "Yule fundi maskini, mafua yanamtesa, sikumsikia neno."

Tulipita mlango kwa mlango, mimi na yeye, tukivuta vizibo kwa vile vitanzi nilivyovishona mwenyewe. Kapu lilijaa. Kila niliyemvulia kizibo alinishukuru tena, kwa mazoea. Maneno yangu ya ufa na ukuta sitaki kuyasikia.

Jumatatu, 14 Julai

Mama karudi nyumbani. Wifi naye kafika na basi la asubuhi. Kaingia na makoti mawili na blanketi, tayari kwa vita. Baada ya muda alivua koti moja, kisha la pili, bila kusema chochote, akayakunja vizuri sana.

Nilimweleza yote. Vizibo, mshono, vyote. Alinisikiliza hadi mwisho. "Nimekata tiketi za Ijumaa," akasema. "Mbili."

Jumatano, 16 Julai

Wifi hukaa na Mama kutwa. Nawasikia wakiongea kupitia mlango uliofungwa, sisikii maneno. Jioni alikuja jikoni akakaa kwenye lile godoro ambalo bado sijaliondoa, sijui kwa nini.

"Hapa ndipo mnapolala?" akauliza.

"Tulipokuwa tunalala."

Akalibonyeza kwa kiganja. "Mimi nikija hulazwa sebuleni kama mgeni. Nakuwa nawasikia mnacheka humu, nami nimejifunika hadi kichwani, natetemeka, najiambia, mama yangu kapata binti mwingine na mimi nimepata kochi." Akacheka, lakini machozi yalikuwa karibu. "Ndiyo maana nikipiga simu huwa mkali. Usinichukie, wifi."

Miaka yote nilimwona mwenye maringo. Nilimpa chai, nikamwongeza sukari.

Alhamisi, 17 Julai

Leo nimemfungashia Mama. Nilijiambia ndiyo haki. Aliyekaribia kumuua kwa sindano yake hana uso wa kumng'ang'ania. Nguo za joto chini, hazitahitajika sana huko, nyepesi juu, dawa ya kifua kwenye mfuko wa pembeni. Kitandiko nilikikunja nikakiweka juu kabisa.

Mama aliingia akakuta sanduku wazi kitandani. Wifi alikuwa nyuma yake.

"Umenifungashia tena," Mama akasema.

"Tena? Lini nyingine, Mama?"

"Siku ile ya deki. Ulinitoa jikoni ukaniambia hakuna tena kubanana. Leo naona chumba hiki nacho kimekuwa karibu mno, niende mbali zaidi." Hakusema kwa hasira. Alikuwa anasema mambo kama anavyoyaona.

"Mama, mimi nilikuwa nakupa raha!"

"Raha ya nani? Miaka yote nalala nasikia pumzi yako. Unanilaza huku peke yangu na mlango umefungwa, nakaa natazama kitandiko. Nikakisikia kile kitundu kinapuliza, nikatia kizibo chako. Nikalaza nyoka, maana ndivyo tunavyofunga mlango. Nikawasha jiko la mwanangu, nikabandika chai." Akakaa kitandani kando ya sanduku. "Nilijua ukisikia harufu ya chai utakuja ukae. Vikombe si viwili?"

Vile vikombe viwili. Nilikuwa nimevitazama, nimeviosha, nimevirudisha kabatini, na sikujiuliza.

Nilipiga magoti hapo hapo nikaweka kichwa mapajani pake. Miaka yote hatukuwahi kuulizana kama tunatakana. Baridi ndiyo ilikuwa ikitusemea. Kila Mei ilisema "bebeni godoro," na sisi tukabeba.

"Sitaki uende," nikasema. "Wewe ni wa wifi, najua, mimi si damu. Lakini sitaki uende, Mama. Nyumba hii bila wewe hata ikiwa na joto mimi naifanyia nini?"

Mama akaniwekea mkono kichwani. Akamtazama binti yake. "Umesikia wewe? Si nilikwambia huyu hasemi mpaka umbane?"

Wifi alikuwa analia wazi wazi, pua na yote. "Nimesikia," akasema. "Na mimi je? Mimi nakaa huko na tiketi yako mkononi."

"Wewe utaniazima," Mama akasema. "Mvua za kwako zikianza nitakuja mpaka ziishe. Lakini baridi naipitisha hapa. Nimengoja miaka mingi nyumba hii ipate joto, halafu nihame lilipokuja? Mimi si mjinga."

Ijumaa, 18 Julai

Wifi kaondoka na tiketi moja, na nyoka mmoja wa mlangoni, aliniomba mwenyewe. Nikamwambia kwako kuna joto, wa nini? "Nimlaze tu," akasema. Jiko la mkaa Mama kampa Fundi Pamba mwenyewe, alikanyage au aoteshe maua, ila lisibaki humu.

Jumapili, 20 Julai

Fundi Pamba kaja kukagua vitundu. Vyote wazi, vioo vikavu. Mama akamweka kitako, akamtazama puani, akamwambia asiondoke kabla hajavuta mvuke wa maji ya moto. "Maneno yako ni ya maana," akamwambia, "yanastahili pua inayofunguka." Fundi akacheka akavuta mvuke, kajifunika taulo.

Kabla ya kuondoka alitazama korido yetu, kila mlango umefungwa, akashangaa. "Mbona mnafunga milango ya ndani?"

"Joto litatoka," tukasema kwa pamoja.

"Liende wapi?" akauliza.

Tukatazamana mimi na Mama. Kwa kweli, liende wapi? Miaka yote tumefunga mlango nyuma ya mlango, mtu akienda chooni anafokewa, "Mlango!" Hatukuwa tumefikiria kwamba sasa nyumba yote ni chumba kimoja.

Jumatatu, 21 Julai

Milango yetu inajifunga yenyewe, nyumba imeinama kidogo. Nimechukua nyoka wawili nikawalaza, mmoja mlangoni kwa Mama, mwingine mlangoni kwangu, kwa upande wa pili safari hii. Wanaishika milango wazi.

Jumapili, 3 Agosti

Godoro la jikoni nimewapa watoto wa ghorofa ya nne. Lile kapu la vizibo nimelifumua lote na kushona mto mrefu wa benchi la ngazini, pale Mzee Redio anapopumzika akipanda kuja kwetu. Leo kaja kuagiza nyoka. "Wa kuziba nini?" nikamuuliza kwa ukali. "Nani kasema kuziba? Wa kushikia mlango. Shemeji anasema akiwa chumbani kwake anasikia kila kitu. Nami nataka redio isikike korido nzima." Masikini majirani.

Mchana Mama kajinyoosha kitandani kwake, mimi niko sebuleni na cherehani. Nje kuna ukungu mzito, watu wanapita barabarani wamejikunyata. Nilisimamisha cherehani kubadilisha uzi.

"Umenyamaza," sauti ikaja kupitia milango miwili.

"Natunga uzi, Mama."

"Tunga kwa sauti, nijue upo."

Nikatunga kwa sauti.